Machela, Baiskeli na Simu: Nani Amebaki Kuwatunza Wazee wa Karagwe na Kyerwa?

Mwishoni mwa Novemba 1861 wasafiri wawili wa Kiingereza, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika katika makao ya Mukama Rumanyika wa Karagwe. Vitabu vya shule vinamkumbuka zaidi Speke, kwa kuwa Januari 1862 aliendelea na safari kuelekea Buganda na hatimaye kwenye chanzo cha mto Nile. Grant hakwenda. Mguu wake ulikuwa umevimba na kutunga vidonda kiasi cha kumzuia hata kusimama. Akabaki Karagwe, akauguzwa huko kwa miezi kadhaa, na alipoondoka Aprili 1862 aliondoka akiwa amebebwa.

Napenda kuanza na kisa hiki kila ninapozungumza na wanafunzi juu ya historia ya utunzaji, kwa sababu kinavunja dhana kwamba uangalizi wa muda mrefu uliletwa kwetu na wamisionari au na miradi. Mgeni asiyejiweza alilishwa, alikaliwa kitako, alitafutiwa dawa, na mwishowe yalipatikana mabega ya kumbeba. Mahitaji ya mzee aliyepooza katika kijiji cha Murongo au Nkwenda leo hayana tofauti kubwa na hayo. Kilichobadilika ni idadi ya mabega.

Ninaandika haya kwa sababu maneno ya kitaalamu yanayotumika katika nchi tajiri yamekwisha kuingia katika makabrasha ya ofisi zetu. Huko wanazungumza juu ya “soko linalosinyaa” la huduma za wazee, na juu ya teknolojia itakayowaokoa watoa huduma. Kwa Karagwe na Kyerwa, wilaya mbili zilizokuwa moja hadi mwaka 2012, msamiati huo unapotosha usipotafsiriwa upya. Sisi hatuna upungufu wa wahitaji. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 2,507,508 wenye umri wa miaka 60 na zaidi katika Tanzania, sawa na asilimia 5.6 ya watu wote. Kinachosinyaa ni upande wa pili: watu wa kutunza, na fedha za kuwalipa. Na mtoa huduma tunayemzungumzia si kampuni. Ni binti aliyerudi nyumbani baada ya ndoa kuvunjika, ni mjukuu wa miaka 13, ni bibi wa miaka 68 anayemwogesha mumewe wa miaka 80.

Turudi kwenye mabega. Ng’ambo ya mto Kagera, katika Ankole na Kigezi, vyama vya machela viitwavyo engozi vinajulikana sana. Machela yenyewe ni kitu rahisi: fito, kamba na ustadi wa kusuka. Nguvu yake ilikuwa katika kanuni. Kila kaya ilikuwa mwanachama, kila mwanamume mwenye afya aliitwa zamu yake ilipofika, na aliyekwepa kubeba wenzake alijua kwamba siku yake hatabebwa bila kulipa faini. Upande wetu pia wagonjwa walishushwa vilima kwa machela za majirani miaka mingi kabla ya gari la wagonjwa kuonekana Nyakahanga. Mwanahistoria akiulizwa teknolojia ya utunzaji ni nini, ataonyesha fito na kanuni kwa pamoja. Fito bila kanuni ni kuni.

Nguzo nyingine ilikuwa kibanja. Watu wa nje wanaona migomba na mibuni tu, lakini kwa mkulima wa Kagera kibanja kilikuwa pensheni. Mgomba hauhitaji kupandwa kila msimu kama mahindi. Mzee aliyeishiwa nguvu za jembe bado alikuwa na mkungu wa kukata, na kahawa chini ya kivuli chake. Zaidi ya chakula, kibanja kilimpa mzee sauti. Kijana aliyetumaini kurithi alikuwa na sababu ya kubaki karibu, na aliyebaki karibu ndiye aliyeamka usiku mzee alipoita.

Pensheni hiyo haikuwa ya wote. Kesi iliyofundisha jambo hili kuliko vitabu vyote ninavyovijua ilitoka wilaya jirani ya Muleba. Holaria Pastory alirithi ardhi ya ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia. Mwaka 1988, alipoona kwamba uzee unamwelemea na hana mtu wa kumtunza, aliiuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa wake, Bernardo Ephrahim, akafungua shauri akidai kwamba kwa mila za Kihaya mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Shauri lilipanda ngazi hadi Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya akaamua kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume katika kuuza ardhi hiyo, kwa kuwa Hati ya Haki za Binadamu ilikwisha kuingizwa katika Katiba yetu.

Wanafunzi wa sheria wanaisoma kesi hii kama kesi ya usawa wa kijinsia, na wako sahihi. Lakini isomwe pia kama kesi ya uangalizi wa wazee. Mama yule hakuuza ardhi ili afanye biashara. Aliuza kwa sababu hakukuwa na mtu wa kumtunza, na ukoo uliojitokeza haraka kuitetea ardhi ulikuwa ndio ukoo uleule ambao, kwa maelezo yake mwenyewe, hakuwa na mtu ndani yake wa kumwangalia. Utaratibu wa zamani ulikuwa umeanza kupasuka kabla hata wimbi kubwa la misiba halijafika kileleni.

Wimbi hilo lilikuwa limeanza mwaka 1983, wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini walipotambuliwa mkoani Kagera. Watu waliuita ugonjwa ule Juliana, jina la mashati yaliyokuwa yakiuzwa na wachuuzi wa mpakani. Uchunguzi wa mwaka 1987 ulikuta maambukizi ya takribani asilimia 24 miongoni mwa watu wazima mjini Bukoba. Karagwe ilikuwa chini ya asilimia 5. Tofauti hiyo iliwafanya watu wa Karagwe wajione salama kwa muda. Lakini ukoo haukai wilaya moja. Watoto wa Karagwe waliofanya kazi Bukoba, Mwanza na Kampala walirudishwa nyumbani kuugua, na waliowauguza walikuwa wazazi wao. Utaratibu ukapinduka: mzee aliyetarajia kutunzwa akawa mtunzaji, kwanza wa mwanawe, kisha wa wajukuu.

Hapo ndipo ilipoingia baiskeli. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 huduma za wagonjwa majumbani zilianza kupangwa rasmi nchini. Mtu wa kijijini alifundishwa siku chache, akapewa mkoba wenye glovu, dawa za maumivu na daftari, na mara nyingine baiskeli. Alitembelea nyumba kadhaa kwa wiki. Ukiipima kwa vigezo vya leo, ilikuwa teknolojia duni. Hata hivyo ilifanya jambo ambalo machela haikuweza: ilimleta mtu mwenye ujuzi hadi kitandani badala ya kumpeleka mgonjwa hospitalini. Dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa bila malipo mwaka 2004, mtandao ule wa baiskeli ndio uliowafuatilia waliokatiza dozi. Karagwe ilikuwa na ubunifu wake pia. Kituo cha KARADEA kilifundisha mafundi wa umeme wa jua tangu miaka ya 1990, wakati ambapo katika vijiji vingi taa ya usiku ilikuwa koroboi, na atakayedharau jambo hilo hajawahi kumgeuza mgonjwa saa nane za usiku gizani.

Udhaifu wa mpango ule ulikuwa mmoja, na ulikuwa mkubwa. Ulifuata ugonjwa, haukumfuata mtu. Mhudumu aliingia nyumba yenye mgonjwa wa UKIMWI akaipita nyumba ya jirani yenye bibi aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi, kwa sababu fedha zilikuwa na jina la ugonjwa juu yake.

Wakati huohuo vijana walikuwa wanaondoka. Kagera ina bahati ya kuchunguzwa kwa subira kuliko mikoa mingi ya Afrika: kaya zaidi ya 900 zilizohojiwa kati ya 1991 na 1994 zilifuatiliwa tena mwaka 2004 na 2010, popote wanakaya walipokwenda. Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon walionyesha kwamba hadi mwaka 2004 waliohama walikuwa wameongeza matumizi yao kwa pointi 36 za asilimia zaidi ya ndugu zao waliobaki. Sentensi hiyo inatosha kueleza kwa nini mahubiri ya kuwataka vijana wabaki kijijini hayajawahi kumshawishi mtu. Kubaki kulimaanisha kuachwa nyuma.

Utafiti uliofuata, wa De Weerdt na Kalle Hirvonen, ndio unaonigusa zaidi. Walikuta kwamba waliobaki wakipatwa na balaa, waliohama wanaubeba mzigo huo pamoja nao. Lakini balaa likimpata aliyehama, waliobaki hawaubebi wa kwake. Bima ya ukoo haikufa, ila imekuwa ya upande mmoja, na inasafiri kwa njia ya fedha. Aliye Dar es Salaam halei tena kwa mikono. Analea kwa muamala.

Ndiyo maana simu, katika historia hii, ni mrithi wa kweli wa machela. Huduma ya M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya Kenya, na kwa familia nyingi za Omurushaka na Kayanga ilifanya kile ambacho basi la Mwanza lilikuwa likikifanya kwa wiki nzima ndani ya bahasha iliyofunguliwa njiani. Kabla yake kidogo, mwaka 2007, Redio FADECO ya Joseph Sekiku ilikuwa imeanza kusikika Karagwe, redio ya jamii inayozungumza na mkulima juu ya migomba yake. Jambo hilo lilikuja kwa wakati, kwa kuwa mnyauko wa migomba ulikuwa umeingia Kagera mwaka 2006, nao ukaishambulia pensheni ile niliyoieleza hapo juu, shina kwa shina. Mzee aliyejua mapema kwamba panga lisafishwe kwa moto kabla ya kuhamia shina jingine aliokoa mkungu wake. Sioni kwa nini taarifa hiyo isihesabiwe kuwa teknolojia ya uangalizi wa wazee.

Lakini muamala una bei, na bei hiyo inamwangukia nani? Mwaka 2019 serikali ilianza usajili wa laini za simu kwa alama za vidole. Mwenye vidole vilivyosuguliwa na jembe miaka hamsini aligundua kwamba mashine haimtambui; laini ikasajiliwa kwa jina la mjukuu au jirani, na pamoja na laini, mamlaka juu ya fedha yakahama. Julai 2021 ikaja tozo ya miamala, ikapunguzwa kwa asilimia 30 Septemba mwaka huohuo baada ya malalamiko, kisha ikapunguzwa tena. Katika mijadala ya wakati ule tulizungumza sana juu ya wafanyabiashara. Hatukusema vya kutosha kwamba tozo ile ilikuwa pia kodi juu ya utunzaji wa wazazi, kwa kuwa elfu ishirini inayotumwa kijijini kila mwezi ndiyo mshahara wa binti anayemwogesha mama.

Fedha hiyo isipofika, kinachofuata kinajulikana Kagera kwa neno moja: butura. Kahawa inauzwa ikiwa ua au punje mbichi mtini, kwa bei ya kutupa, ili dawa inunuliwe leo. Mwaka mzima wa mzee unamalizika katika wiki moja ya ugonjwa. Minada ya kahawa kwa njia ya mtandao iliyoanza mkoani msimu wa 2024 imesaidia wanaosubiri hadi mavuno. Mgonjwa hasubiri.

Kwamba fedha ndogo ya uhakika inabadili hali si nadharia. Nshamba, wilayani Muleba, mradi wa Kwa Wazee ulianza mwaka 2003 kuwalipa wazee pensheni ya kila mwezi, shilingi elfu chache kwa mzee na nyongeza kwa wenye kulea wajukuu. Zanzibar ilifanya jambo hilo kuwa sera ya dola Aprili 2016, ikianza na shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mwenye umri wa miaka 70 na zaidi, bila kuuliza kama ni maskini kiasi gani. Bara tuna Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, tuna kauli ya “Mzee Kwanza” kwenye madirisha ya hospitali, na tuna ruzuku ya TASAF kwa kaya zilizothibitishwa kuwa maskini. Sera ile inaiweka familia kuwa mtunzaji mkuu, na makazi ya serikali, kama yale ya Kilima huko Bukoba, kuwa kimbilio la mwisho. Sipingani na mpangilio huo. Ninauliza tu familia iliyokabidhiwa kazi hiyo inapewa zana gani.

Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai shirika la USAID lilikuwa limefungwa. Kazi za kijamii zilizolipwa na fedha hizo zikatikisika nchi nzima. Hilo ndilo soko letu lililosinyaa kwa siku moja. Serikali ilikuwa imejiandaa kwa sehemu: Januari 2024 ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, lengo likiwa wahudumu 137,294 katika miaka mitano. Mhudumu huyo mpya anabeba simu mahali pa daftari. Basi swali la kumuuliza mganga mkuu wa wilaya, Karagwe na Kyerwa, ni hili: katika simu ile, mzee wa miaka 78 asiyeinuka kitandani ana mahali pake? Bibi anayemtunza ameandikwa? Kama fomu ina mjamzito, mtoto na mgonjwa wa kifua kikuu pekee, tutakuwa tumerudia kosa la baiskeli kwa kifaa cha bei kubwa zaidi.

Wanaotamani roboti wasome kwanza habari za Japani, nchi yenye bima ya uangalizi wa muda mrefu tangu mwaka 2000. Mtafiti James Wright, katika kitabu chake cha mwaka 2023, alieleza jinsi roboti zilizoletwa kwenye makazi ya wazee zilivyowaongezea watunzaji kazi: kuzisogeza, kuzisafisha, kuzisimamia. Kipimo kinachofaa hapa kwetu ni kidogo na kigumu zaidi. Je, chombo hiki kinampunguzia mtunzaji safari, foleni au usiku wa kukesha? Simu ya muuguzi wa Nyakahanga au wa Isingiro inayomjibu binti kuhusu kidonda cha mgongoni inampunguzia safari ya siku nzima na nauli ya bodaboda mbili. Kipimo cha shinikizo la damu kinachokaa kwa mhudumu wa kitongoji kinazuia kiharusi ambacho kingehitaji miaka kumi ya uangalizi. Programu inayomtaka mhudumu kujaza maswali hamsini ili takwimu zipendeze Dodoma haimpunguzii mtu chochote.

Mfano mzuri kuliko yote tayari tunao. Mfumo wa m-mama, uliosambazwa kitaifa kuanzia mwaka 2022, unapokea simu ya dharura ya mjamzito au mtoto mchanga, unamtafuta dereva wa karibu katika jamii, na kumlipa kwa simu. Ukiutazama vizuri ni engozi: orodha ya wanaobeba, wajibu unaojulikana, na malipo yanayotabirika. Umejengwa kwa kundi moja kwa sababu nzuri, lakini madereva wa Kyerwa wamekwisha kuandikishwa na njia zinajulikana. Kumwongeza mzee aliyeanguka au aliyepatwa na kiharusi kunahitaji uamuzi na bajeti, hakuhitaji uvumbuzi.

Bajeti yenyewe ina mlango. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Wazee hawamo. Sishauri wakopeshwe. Lakini kikundi cha vijana wa Nkwenda kinachoomba mkopo wa pikipiki kinaweza kuandikiwa sharti la safari kadhaa za wazee kwa mwezi, zilipwe na halmashauri kwa nauli iliyokubaliwa, na zihesabiwe kwenye simu ileile ya mhudumu. Kikundi cha wanawake kinachotunza wagonjwa kijijini kinaweza kukopeshwa kama biashara nyingine yoyote. Maombi hayo yanajazwa kwa kompyuta siku hizi, na maofisa maendeleo ya jamii wa Kayanga na wa Kyerwa ndio wanaoyapitia.